Sindano na Mchezo Wakati wa Likizo

Ninyi mnaosikiliza kwa redio, sogeeni karibu. Ninyi mnaosoma karatasi hii darasani, someni polepole, na mkikuta neno gumu mwulizeni mwalimu au jirani aliyekaa kando yenu.

Leo tutazungumza juu ya kudarizi na juu ya michezo ya watoto wakati wa likizo. Labda mmoja wenu atacheka na kusema, "Mwalimu huyu ameishiwa. Juzi alitufundisha mbolea, leo anatufundisha michezo!" Cheka tu, bwana, lakini usizime redio. Jambo la leo linahusu saa za siku yako na saa za siku ya mtoto wako, na saa ikikwisha kupita hainunuliki dukani.

Mwezi wa Desemba shule zetu nyingi huwa zimefungwa. Huku pwani ndiyo majira ya kaskazi. Upepo hutoka kaskazini mashariki, jua ni kali, na joto la mchana hupita digrii 30. Watoto wako nyumbani kutwa. Baba hutafuta kivuli. Mama naye anazo kazi zile zile alizokuwa nazo Oktoba, ila sasa vinywa vya kulisha mchana vimezidi, na miguu ya kuingiza mchanga ndani imezidi pia. Basi kwa mama huyo neno likizo lina maana gani? Aghalabu lina maana ya kazi zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Kushona ni kuunganisha vipande vya kitambaa viwe nguo. Kudarizi ni kuipamba nguo au kitambaa kwa sindano na uzi. Wengine husema kutarizi, nalo ni neno hilo hilo. Foronya ya mto ikiwa haina ua lolote, usingizi utakuja vile vile. Kitambaa cha meza kisipopambwa, chai itanyweka. Kwa hiyo watu husema kwamba darizi ni kazi ya mtu asiye na kazi. Mimi sikubali. Tazama kofia.

Kofia ya mkono, kama zile zinazoshonwa Unguja na Lamu, ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli juu ya kitambaa cheupe kilicholazwa pamoja na kingine. Kisha mshonaji hutoboa matundu madogo madogo, na kila tundu hulizungushia uzi pembeni mpaka ukingo wake ukaze. Uzi huo hufanya kazi mbili. Hupamba, tena huzuia kitambaa kisifumuke pale kilipotobolewa. Na matundu nayo hupitisha hewa, hata mvaaji asipate joto sana kichwani. Oman pia wanavaa kofia za namna hii, nao huziita kuma. Watu wa Unguja na watu wa Oman wamesafiri na kuoana muda mrefu, na mishono ikasafiri pamoja nao.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mfikiri. Kofia moja yenye nakshi nyingi huchukua mwezi, pengine miezi miwili au mitatu. Je, yuko mama aliyekaa kitako miezi miwili akishona kofia tu, huku watoto wakilala na njaa? Hayuko. Kofia hizo hushonwa kati ya kazi na kazi. Chungu kiko motoni, mtoto amelala, mvua inanyesha, jirani amekuja kuzungumza: hapo sindano hutembea. Moto ukitaka kuchochewa, kitambaa huwekwa kando.

Kazi nyingi za nyumbani hazikubali kuachwa. Ukiuacha unga wa maandazi kutwa utachacha. Ukiiacha pasi juu ya shati, shati limekwisha. Lakini darizi ukiiacha katikati ya ua, hata mwezi mzima, utaikuta pale pale ulipoiacha, na tundu la mwisho litakuonyesha pa kuendelea. Kwa sababu hiyo inamfaa sana mtu ambaye siku yake imekatwa vipande vipande. Usingoje siku nzima ya mapumziko. Tafuta nusu saa.

"Nusu saa nitaitoa wapi?" Ni swali la haki. Chukua daftari lako, chora mstari mrefu, kisha uandike saa za siku yako tangu kuamka mpaka kulala. Tuseme mama mmoja ameandika hivi. Saa 11 alfajiri ameamka. Saa 12 amewasha moto na kuchota maji. Saa 1 chai. Saa 2 kufagia na kuosha vyombo. Saa 3 shamba au soko. Saa 5 amerudi, anabandika chungu cha maharage. Saa 8 watu wamekula. Saa 10 maji tena, kuni tena. Saa 12 jioni anapika. Saa 3 usiku anafunga mlango.

Tazama vizuri pale kati ya saa 8 na saa 10. Jua la kaskazi halimruhusu mtu kulima saa hizo. Mama huyo ameandika kwamba hafanyi kitu, lakini ukimwuliza sana utasikia kwamba bado anaosha masufuria ya mchana. Tazama tena maharage. Yamewekwa motoni saa 5, yameiva karibu saa 8. Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi, na kuni hupungua. Yalowekeni kabla ya kulala, asubuhi mwageni maji yale, yapikeni kwa maji mapya. Hapo mtu ameokoa muda, na hakumwibia yeyote.

Muda mwingine hupatikana kwa kugawana kazi, na hapa nitasema wazi, hata kama akina baba wengine watanuna. Tuseme nyumba ina msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 12. Kila siku ya likizo msichana huosha vyombo saa moja, hufagia nusu saa, huchota maji saa moja, na hubeba mdogo wake mgongoni saa mbili. Jumlisheni. Ni saa nne na nusu. Mvulana hupeleka mbuzi wawili malishoni kwa nusu saa, kisha huenda uwanjani kucheza mpira mpaka magharibi. Sasa ukisema, "Watoto wangu wana nafasi ya kucheza," unasema juu ya mtoto gani?

Jumla ya kazi za watoto hao wawili ni saa tano. Gawanya kwa mbili. Kila mmoja atapata saa mbili na nusu. Mvulana hatakufa kwa kuosha sufuria, na mbuzi hawamkatai msichana. Maji nayo yatazameni vizuri. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, tena bila uzito wa ndoo yenyewe. Huo si mzigo wa mtoto wa miaka 11. Apewe chombo kidogo, au wabebe wawili kwa mti.

Msidhani haya ni maneno yangu mwenyewe. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 31 kinasema kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, kwa kadiri ya umri wake. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 1990, Tanzania mwaka 1991. Mkataba haukusema mtoto asifanye kazi yoyote ya nyumbani. Mtoto ambaye hakufundishwa kufagia tumemdhulumu pia. Lakini mchezo nao una sehemu yake katika siku, na sehemu hiyo ni ya msichana sawasawa na mvulana.

Haya, nusu saa imepatikana. Tunaanzaje?

Tafuta kipande cha kitambaa cha pamba, hata cha shuka kuukuu, ilimradi kisiwe kimeoza. Marikani ni nzuri kwa kuwa nyuzi zake zinaonekana. Jina hilo lilitokana na nchi ya Marekani, kwa sababu kitambaa cha namna hiyo kililetwa Unguja na merikebu za biashara kutoka huko katika karne ya 19. Nunua sindano yenye tundu refu. Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa vifundo huwa na nyuzi sita zilizolala pamoja. Usitumie zote sita mara moja. Zichomoe mbili au tatu. Kata urefu unaolingana na mkono wako kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Uzi ukizidi hapo utajifunga mafundo na kukutia hasira bure. Uzi mwekundu uloweke kwanza katika maji. Maji yakiwa mekundu, uoshe mpaka yatoke safi, ama sivyo siku ya kufua kitambaa chote kitakuwa kama kimemwagiwa juisi.

Mshono wa kwanza wa kujifunza ni mnyororo. Toa sindano juu ya kitambaa. Lalisha uzi uwe kitanzi, na ushike kitanzi hicho kwa dole gumba la mkono wa kushoto. Rudisha sindano katika tundu lile lile ulilotokea, itokeze mbele kidogo, kadiri ya punje ya mchele, na uhakikishe kwamba imepita juu ya kitanzi. Vuta polepole. Umepata pete moja. Rudia, na pete ya pili itatoka ndani ya ya kwanza. Usivute kwa nguvu, kitambaa kitakunjamana. Ukifika mwisho, funga pete ya mwisho kwa kushona juu yake mara moja.

Sasa mtashona nini? Wewe uliyeanza kusoma mwaka huu, shona jina lako. Andika kwa penseli juu ya kitambaa kama unavyoandika daftarini, herufi kubwa kubwa, kisha upite juu yake kwa mnyororo. Herufi zenye mistari iliyonyooka, kama A, M, na N, ni rahisi. S itakusumbua, na B itakusumbua mara mbili. Mkono unaopita juu ya herufi moja kwa robo saa hausahau umbo lake. Nimewaona wanafunzi ambao kalamu iliwatetemesha, lakini kwa sindano wakaandika majina yao sawasawa, kwa kuwa sindano waliizoea zamani. Anayetaka maua na achore kwanza katika daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba uliotiwa rangi ni mshono mmoja wa msalaba, na ua zima huhesabika.

Kaa mlangoni au barazani penye mwanga, na mara kwa mara inua macho utazame mbali. Hesabu sindano kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kama zilikuwa tatu, ziwe tatu. Sindano moja iliyopotea katika mkeka inatosha kuharibu likizo ya nyumba nzima. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, hivyo zihifadhi katika kikopo kikavu chenye kifuniko.

Wavulana pia wafundishwe. Mafundi cherehani wengi wa mitaani ni wanaume, wala hakuna awachekaye. Ukienda Lamu utawakuta wanaume wamekaa barazani na kofia mkononi wakishona. Kwa hiyo anayesema sindano ni ya wanawake tu hajatembea.

Na watoto wadogo je? Mtoto wa miaka minne usimpe sindano kali. Mwalimu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1837 alianzisha mahali pa kulelea watoto kwa michezo, aliingiza kazi za mikono katika michezo hiyo. Mojawapo ilikuwa kutoboa matundu katika karatasi na kupitisha uzi ndani yake. Jambo hilo halina gharama. Chukua boksi la sabuni, likate, chora samaki, toboa matundu kufuata mstari wa samaki. Tia uzi mnene, na ncha yake uifunge gundi au nta ya mshumaa ili iwe ngumu. Mpe mtoto apitishe uzi chini na juu mpaka samaki aonekane. Uzi ukipita upande usiotakiwa, mwache. Atauona mwenyewe.

Hapo tumefika kwenye mchezo, nami nataka muelewe tofauti moja. Kuna mchezo ambao mtu mzima ameutengeneza, na kuna mchezo ambao mtoto ameubuni. Samaki wa boksi ni wa kwanza. Gari la waya ni la pili. Mtoto hukusanya waya na vifuniko vya chupa, hufikiri jinsi gurudumu litakavyozunguka, hukosea, hulikunjua, hulikunja tena. Tiara yake ya gazeti na njiti za makuti haipandi siku ya kwanza, huenda upande na kuanguka. Huongeza mkia, ikapanda. Hakuna aliyemfundisha kwamba mkia huituliza tiara, lakini sasa anajua. Mpira wa matambara uliofungwa kamba, mwanasesere wa gunzi la mhindi aliyefunikwa kipande cha kanga: vyote hivyo vina akili ndani yake.

Mchezo wa mdako wengi wenu mnaujua. Kuna kishimo chenye vijiwe, na kijiwe kimoja mkononi. Unarusha kile cha mkononi juu, unafagia vijiwe kutoka kishimoni, unakidaka kile kabla hakijaanguka. Unarusha tena, unarudisha vyote isipokuwa kimoja. Ukitazama vizuri, hiyo ni hesabu ya kutoa, inayofanywa upesi kuliko ubaoni. Bao nalo ni hivyo hivyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Watoto huchimba mashimo hayo mchangani na kutumia kokoto. Kizee anayewafundisha chini ya mwembe anafanya kazi ya mwalimu, tena bila mshahara.

Kwa mchezo wa namna hii mtoto hahitaji kitu cha kununua. Anahitaji vitu vitatu tu: vitakataka visivyo na hatari, mahali ambapo hafukuzwi, na muda ambao haitwi kila dakika tano. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kwetu. Tunawaita. "We! Njoo! Lete kiberiti!" Amekwenda, amerudi, tiara imechukuliwa na mbuzi. Kama unamtaka saa 10, mwambie tangu mapema kwamba utamwita saa 10. Simu nayo ni vile vile. Mtoto aliyepewa simu kutwa atakaa kimya, ni kweli, na kimya hicho humpumzisha mama. Sisemi asipewe kabisa. Nasema kimya kile kisihesabiwe kuwa mchezo.

Limebaki neno la fedha, maana najua mmekuwa mkilingoja. Je, darizi inalipa? Tufanye hesabu. Hizi ni namba za mfano, kila mmoja aweke bei za sokoni kwake. Tuseme kofia imeshonwa saa moja kila siku kwa siku 60. Hizo ni saa 60. Kitambaa na uzi vimegharimu shilingi 3,000. Kofia imeuzwa shilingi 30,000. Toa 3,000, zinabaki 27,000. Gawanya kwa 60. Umepata shilingi 450 kwa saa. Hiyo si mali. Tena kofia za mashine zimejaa madukani, na nyingi ni za bei ndogo. Kwa hiyo usimdanganye binti yako kwamba sindano itamjengea nyumba.

Lakini shilingi 27,000 ambazo hazikuwapo zimepatikana katika muda ambao sufuria ilikuwa ikichemka. Kwa nyumba nyingine hizo ni daftari na sare za Januari. Ila hapa kuna hatari, nami nimeiona. Kofia ya kwanza ya msichana ikiuzwa, watu wazima hufurahi. Ya pili huulizwa itakwisha lini. Ya tatu huamshwa alfajiri kuishona. Kile kilichoanza kama mchezo kimekuwa kibarua, na mwenye kibarua halipwi. Kabla hamjauza chochote, kaeni naye mkubaliane. Kitu cha kwanza alichodarizi kiwe chake, kisiuzwe. Vikiuzwa vingine, aambiwe bei, ahesabu mwenyewe zile fedha mkononi, na ajue zimekwenda wapi. Na siku asiyotaka kushika sindano, asiishike.

Basi, kazi ya juma hili ni hii. Chora mstari wa siku yako katika daftari, na chini yake mistari mingine, mmoja kwa kila mtoto aliye nyumbani. Andika saa za kazi kwa penseli. Kisha mketi pamoja jioni, baba naye awepo, mtazame ni mstari gani umejaa na ni upi una nafasi, mhamishe kazi moja tu kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Mkiona inafaa, juma la pili mhamishe nyingine. Wanaotaka kudarizi waje darasani Jumatano na kitambaa, sindano mbili na penseli. Mwenye kitambaa kilichoanzwa zamani akakiweka sanduku na kukisahau, akilete vile vile kilivyo.